Biro ya mwalimu wa kemia, soko la Kenya: nilimpeleka binti yangu kuchagua chuo

Nauza unga soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, mwaka wa kumi na nne sasa. Anayeuza kwa meka, kopo letu la kupimia, anajua ujanja wote wa meka: kuna inayopigwa nyundo chini ibebe kidogo, kuna inayojazwa kwa kupepewa ili unga usikae. Kwa hiyo mtu akitaka pesa yangu ili aniuzie maneno, nageuza meka yake kwanza niangalie chini. Ndivyo nilivyofanya kwa biro hii, ofisi ya mwalimu anayesaidia watoto kuchagua chuo.

Jina la mwenyewe sitaandika, ameniomba. Asubuhi anafundisha kemia kwenye shule ya sekondari, mchana anapokea mafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na wazazi wao katika chumba kilicho nyuma ya duka moja la fotokopi, ukishapita wauza ndoo. Kibao hakuna. Uliza "kwa mwalimu wa mafinalisti" na wale vijana wa fotokopi watakuonyesha kwa kidevu bila kuacha kazi. Ndani kuna meza, viti vitatu vya plastiki, kabati lisilofunga, na ukuta umejaa karatasi zilizobandikwa kwa gundi ya ngano. Bei niliyolipa mimi ni dola 20 kwa vikao vitatu, niliilipa kwa franka na kwa mara mbili. Fotokopi, picha na gharama za chuo chenyewe haziko ndani ya bei hiyo.

Lazima nieleze kwa nini niliona dola 20 si nyingi. Mtoto wangu wa kwanza alisoma umeme, sekondari ya ufundi. Tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa anafungua redio za jirani na kuzifunga. Alipopata diploma, yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, mjomba wa watoto, akakaa kwenye kiti cha baba yetu akasema mtoto wa ukoo huu atasoma sheria. Simlaumu sana. Yaya alisoma zamani za UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kati ya 1971 na 1981, wakati vyuo vikuu vyote vya nchi vilikuwa kitu kimoja. Serikali ilikuwa inawapa bursi, pesa ya masomo, wanakula mgahawa wa chuo, mwanafunzi anarudi nyumbani likizo amenenepa. Mtu aliyesoma hivyo hajui hesabu ya mama wa unga. Akaja komisioneri mmoja, wakala wa kuwatafutia watoto vyuo, shati limepigwa pasi, ana karatasi zenye mihuri mitatu, akasema nafasi imebaki moja. Tulimlipa. Mwaka wa pili ndipo tulipoambiwa kwamba kile chuo hakimo kwenye orodha ya wizara ya elimu ya juu. Miaka miwili ikaenda hivyo. Leo kijana anafunga paneli za jua mtaani kwetu Katuba, anakula kwa mikono yake ileile, na ni yeye aliyeniambia: "Mama, mdogo wangu asiende kwa komisioneri. Tafuta mtu anayekuuliza maswali."

Kwa hiyo mwezi wa nne, binti yangu akiwa mwaka wa mwisho wa humanite, yaani sekondari ya juu, mkondo wa kemia-biolojia, tukaenda. Mwezi wa nne, nasisitiza. Wazazi wengi niliowakuta pale baadaye walikuja mwezi wa nane, matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yameshatoka, watoto wameshamwagiwa poda kichwani, pikipiki zimepiga honi mtaa mzima, na sasa kila mtu anakimbia. (Kwangu mimi hawakununua hata poda. Walichukua unga wa dukani, mfuko ulikuwa wazi. Nilinyunyiziwa mali yangu mwenyewe na nikatakiwa nicheke.) Mwalimu akipata mtoto mwezi wa nne ana nafasi ya kumjua. Mwezi wa nane anajaza karatasi tu.

Kikao cha kwanza kilianza kwa kuniudhi. Aliomba buletini, zile karatasi za alama za shule, za miaka minne, zote. Matokeo ya mtihani mmoja, alisema, ni picha ya siku moja, na siku hiyo mtoto huenda alikuwa na malaria. Akazipanga mezani, akawa anafuata somo moja moja kwa kidole: fizikia inapanda na kushuka kama njia ya Likasi, kemia inakwenda sawa, biolojia haijawahi kushuka chini ya kumi na nne kwa ishirini. Halafu akaniangalia. "Mama, nisamehe, kaa nje kidogo."

Nje! Mimi niliyelipa! Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikahesabu watu wanaopita na unga wa jirani yangu.

Waliponiita, mwalimu alikuwa na karatasi yenye mistari mitatu ya mkono wa binti yangu. Mstari wa kwanza: "Mama anataka niwe daktari." Wa pili: "Mimi nataka kujua kwa nini kuku wetu walikufa wote." Wa tatu: "Naogopa kumwambia."

Kuku wenyewe ni kweli. Tulikuwa na kuku kumi na tisa, wakaisha kwa wiki moja, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Mimi nilisema ni jicho la mtu. Mtoto akaenda kuuliza hadi akarudi na jina, kideri, na kwamba kuna chanjo, na kwamba bei yake kwa kuku mmoja haifiki hata bei ya yai. Nilimwambia kuku wameshakufa, aoshe sufuria. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

"Kuna fakulte ya udaktari wa mifugo hapa hapa, UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi," mwalimu akasema. "Watoto wa Kinshasa wanafunga safari kuja kuisoma. Wa hapa wanaipita wakienda kupanga mstari polytechnique, kwa wahandisi."

Mganga wa nyama! Nikafikiri: nyama anatibiwa wapi, si anapikwa? Nikamwambia mwalimu wazi kwamba sikuuza unga kwenye vumbi miaka yote hii ili mtoto wangu aende kupima joto la mbuzi. Hakukasirika. Akaniuliza kuku wa barafu ninaowaona sokoni, na samaki Thomson, wanaingilia wapi. Mpakani Kasumbalesa, nikasema, kama unga wangu unaotoka Zambia. Nani anawaangalia pale? Watu wa forodha. Akacheka. Forodha wanaangalia pesa, akasema. Anayesema nyama hii iliwe au itupwe ni mtu wa karantini ya wanyama na mimea, na mtu huyo amesomea. Na nyama ya machinjioni, nani anaipiga muhuri? Na mbwa wenye kichaa?

Hayo yote yalinipita kidogo. Kilichoniingia ni swali moja la mwisho, la kibiashara: "Mama, pumba zako unamuuzia nani?"

Nawauzia wafugaji wa kuku. Wale wa njia ya Kipushi na wale wa upande wa Kafubu. Wanakuja na pikipiki, wanachukua magunia, wanalipa taslimu, hawakopi. Nimekula pesa ya kuku miaka mingi bila kujua. Nikanyamaza. Binti yangu akaangalia dari.

Hapo ndipo nilipoona meka ya huyu mtu haikupigwa nyundo. Na tafadhali muelewe, yeye hakumchagulia. Nilimuuliza mara mbili, "Basi Mwalimu, umesema mifugo?" Mara zote mbili alikataa kujibu. Alisema tuandike njia mbili, ya kwanza na ya akiba, na ya akiba iwe kitu ambacho mtoto angekubali kuamka saa kumi na moja asubuhi kwa ajili yake. Akaandika mifugo, na ya akiba akaandika maabara kwenye ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Udaktari wa watu ukabaki kwangu mimi peke yangu, kichwani.

Kikao cha pili ni hesabu, na hapa mzazi ndiye anayefanya mtihani. Mwalimu ana daftari lenye mistari: minervali, yaani ada ya chuo, ndiyo, lakini minervali ni mlango tu. Kuna njia, kutoka Katuba mpaka Kasapa, kilipo chuo, ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kuna silabasi za kila kozi. Kuna koti jeupe, kuna kazi za vitendo, kuna stage, yaani mafunzo kazini, kuna kitabu cha mwisho cha kuchapisha na kufunga. Anakufanya uhesabu kwa kipimo chako. Mimi nilihesabu kwa mifuko ya kilo 25. Tulipofika kwenye njia, siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, nikaona gari peke yake linakula mifuko mingi kuliko minervali. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Yaya yangu, kwa mfano, alikuwa analala kampasi.

Tena akatueleza LMD, mpango mpya wa shahada (licence, master, doctorat), na naomba niieleze hapa maana wazazi wa umri wangu tunajidanganya sana. Zamani mtu alifanya graduat miaka mitatu, akaongeza miwili, ndipo aitwe mwenye licence. Jumla mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wanaoingia wanafuata mpango mwingine: licence ni miaka mitatu, master miwili, halafu doctorat. Jina ni lilelile, miaka si ileile. Kwa hiyo mtoto akikuambia "nimemaliza licence," usilinganishe na licence ya mjomba wake. Mwaka mmoja una kredi 60, nusu mwaka 30, licence nzima 180, na kozi ambayo mtoto hakuipata inamfuata kama deni la dukani. Na udaktari, wa watu au wa wanyama, hauishii kwenye licence. Anayetaka kuitwa daktari ajiandae kwa safari ndefu. Mwalimu hakuificha hiyo. Alisema afadhali nilie leo kwenye kiti chake kuliko mwaka wa nne kwenye ofisi ya malipo.

Yaya yangu nilipomwelezea akasema hiyo LMD ni kuwapunguzia watoto akili. Basi.

Juu ya bursi alikuwa mfupi na mkweli. Ile ya Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, inawatafuta wale wa juu kabisa wa Exetat, kwa hiyo tusiipigie hesabu kabla ya matokeo. Matokeo yalipotoka binti alikuwa na asilimia 61. Nilishukuru Mungu kwa 61, lakini bursi nikaifuta.

Baada ya vikao viwili anakutuma kazi, na kwangu hii ndiyo iliyofaa kuliko zote. Uende chuoni siku ya kazi, utafute wanafunzi watatu wa mwaka wa pili wa fakulte unayoitaka, uwaulize: Kozi gani inaangusha wengi? Kazi za vitendo mnafanyia wapi? Mwaka wa pili umeongeza gharama gani ambayo wa kwanza haikuwepo? Waliomaliza mbele yenu wako wapi leo? Na ungeanza upya, ungeanza hapa? Anataka mwaka wa pili kwa sababu wa kwanza bado hawajui kitu, na wa mwisho wameshaanza kujisifu.

Jirani yangu wa nyanya aliposikia naenda Kasapa aliuliza, "Kasapa ya vitabu au ya minyororo?" Maana gereza nalo liko huko. Nikamjibu nitamletea salamu za kote kuwili.

Kwa kweli nilikuwa sijawahi kuingia kile chuo, na kimekuwepo tangu 1955, kabla sijazaliwa. Nilivaa kitenge cha kanisani. Binti alitaka kutangulia mbele asionekane na mimi, nikamwachia hatua kumi. Tulimpata msichana mmoja mwenye koti jeupe lenye doa la buluu mfukoni, anakula karanga. Huyo alijibu maswali yote matano bila haraka. Alisema mwaka wa kwanza ni kemia, fizikia na biolojia, kemia, fizikia na biolojia, na anayekuja akidhani atashika ng'ombe wiki ya pili anakata tamaa mapema. Fizikia ndiyo iliyomtesa. Binti yangu aliandika "fizikia" akapiga mstari chini mara mbili. Wavulana wawili waliofuata mmoja alisema angeanza tena, mmoja alisema angekwenda mines, kusomea madini, kama rafiki zake walioko Kolwezi. Nikampenda huyo wa pili kwa kutodanganya. Tukarudi, na njiani mtoto akaniambia kwa sauti yake ya kawaida, ile ya nyumbani, "Mama, nimeamua." Nilikuwa nimeshajua tangu pale kwenye karanga.

Miezi iliyobaki kabla ya Exetat alikuwa anafanya fizikia usiku, kwa taa ya kuchaji.

Dosie, yaani faili la kuomba chuo. Hapa mwalimu ana jicho la mkaguzi. Nyaraka zenyewe mzazi yeyote ataambiwa na chuo: hati ya kufaulu au diploma, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cha tabia njema, cha afya ya mwili, picha za pasipoti, risiti ya benki. Lakini yeye anaziweka mezani zote pamoja na kusoma jina, herufi kwa herufi, kwa sauti. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la binti yangu lina i. Kwenye buletini zote za sekondari lina y. Miaka sita tumekaa na hizo buletini kabatini, hakuna aliyeona. Alisema kama jina litapita hivyo mpaka kwenye diploma, mtoto atakuwa watu wawili, na kila ofisi itamwuliza yule mwingine yuko wapi. Tulirudi shuleni, prefe, mkuu wa shule, akaandika barua, tukahangaika wiki mbili, ikarekebishwa kabla ya orodha ya watahiniwa kufungwa. Kwa hilo peke yake ningelipa dola 20. Na lisingewezekana mwezi wa nane.

Sasa mabaya.

Saa yake si saa. Anasema saa nane na nusu, anafika saa kumi, ana chaki kwenye suruali na anaomba radhi kwa heshima nyingi mpaka unashindwa kugomba. Kikao cha pili nilingoja masaa mawili kamili, na unga wangu sokoni unauzwa na mtoto wa jirani asiyejua kusawazisha meka.

Kosa kubwa zaidi: tarehe. Alitupa tarehe ya mwisho ya kupeleka dosie kutoka kwenye karatasi ya ukutani, nayo ilikuwa ya mwaka uliopita. Tuliijua ile yenyewe kwa mtoto wa jirani wa nyanya, zikiwa zimebaki siku mbili. Binti alikimbia benki, akakimbia Kasapa, akafika. Nilipomrudia mwalimu nilikuwa nimepanga maneno makali. Alisimama, akang'oa ile karatasi ukutani mbele yangu, akanirudishia franka zote za pikipiki za siku ile. Nilipokea. Lakini nilimwambia ukweli: karatasi nyingine kumi na tano ziko bado pale, na yeye ndiye anayejua ni za mwaka gani. Ukienda, usitegemee ukuta. Kila tarehe kaiulize chuoni mwenyewe.

Na kama unataka kumpeleka mtoto nje ya nchi, hii biro si yako. Kuna baba mmoja tuliyekuwa tunangoja naye, mtoto wake anataka Ubelgiji. Mwalimu alimwambia asubiri matokeo kwanza. Kumbe kule, kwenye vyuo vinavyofundisha kwa Kifaransa, diploma yetu lazima iombewe ulinganifu, na maombi hayo mwisho ni tarehe 15 Julai kwa anayetaka kuanza Septemba. Huku matokeo yetu yanaweza kuwa hayajatoka au ndiyo yametoka jana, na karatasi bado ziko njiani. Yule mtoto atasubiri mwaka mzima. Mwalimu angesema tu "sijui, nenda kwingine," kama alivyojua kukataa kumchagulia binti yangu. Kwa hilo namkata nyota moja.

Zinabaki nne. Meka imejaa, matabishi, ile nyongeza ya juu, hakuna.

Binti yuko mwaka wa kwanza sasa. Nusu ya kwanza alipita kozi zote isipokuwa moja, na mnaijua ni ipi. Jumapili iliyopita alikuja na kichupa kidogo ndani ya barafu, akaniomba nimshikie kuku mmoja mmoja mabawa, maana tumeanza kufuga tena, wanane tu. Nilishika. Yaya alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha baba. Aliangalia wote wanane wanamalizika, halafu akasema mjukuu wake anaingia mwaka wa mwisho mwezi wa tisa, na huyo mwalimu anapatikana siku gani?

Jumatatu mpaka Ijumaa baada ya saa nane na nusu, yaani saa kumi. Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, na siku hiyo anafika kwa wakati kwa sababu hafundishi. Beba buletini zote, hata zile mbaya, cheti cha kuzaliwa, na daftari la hesabu zako mwenyewe. Viti ni vitatu tu. Akikuambia utoke nje, ndoo za kugeuza ziko mlangoni, omba kwanza kwa mwenye duka.